Herufi Iliyobaki Kwenye Pamba

Doa lilikuwa dogo kuliko mbegu ya ufuta. Nililiona kwenye ncha ya kijiti cha pamba nilipokisogeza chini ya taa: jeusi, limejipinda kama kipande cha ukope. Nikadhani ni uchafu, nikafurahi kwamba unatoka. Kisha nikarudisha lenzi jichoni na kuutazama tena uso wa saa.

Herufi ya tatu ya jina la kiwanda haikuwapo.

Nilikaa vile vile, kijiti mkononi, nikiitazama ile nafasi tupu kana kwamba herufi ingejitokeza nikivumilia. Pembeni, kati ya namba 7 na namba 8, pale ambapo sisi tunasoma saa moja kuelekea saa mbili, vistari vitatu vya dakika vilikuwa vimefifia vikawa kivuli. Nilikuwa nimetumia tone moja la maji safi, na mkono mwepesi kuliko ninaotumia kwa kitu kingine chochote.

Saa ilikuwa ya babu, saa ya mkono ya kutia ufunguo. Alipofariki ikabaki kwa shangazi, na shangazi ndiye aliyeniletea kwa sababu ilikuwa inachelewa. Kazi aliyonipa ilikuwa ya mashine: kuifungua, kuisafisha, kuitia mafuta, kuirudisha. Hiyo niliimaliza salama. Uso hakuna aliyeniambia niuguse. Niliugusa kwa sababu ulikuwa na madoa ya kahawia upande wa chini, nami sikupenda mashine safi ikae nyuma ya uso mchafu.

Limenikaa rohoni wiki nyingi. Naliandika sasa kwa sababu mambo niliyokuja kuyaona baadaye yamebadilisha namna ninavyozitazama saa zote za zamani, hata zile ambazo sijazigusa.

Nilitaka kuficha

Wazo la kwanza halikuwa kumpigia shangazi simu. Wazo la kwanza lilikuwa kuupaka upya uso wote.

Ukilitazama juu juu, ni wazo zuri. Wapo mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo. Unawatumia uso peke yake, bila mashine, nao wanaurudisha unang'aa, herufi zote zipo, vistari vyote vipo, madoa hakuna. Shangazi angeivaa, angefurahi, angeniombea dua. Nami ningekuwa nimeifuta ile herufi mara mbili, kwanza usoni, halafu kwenye habari zake.

Niliandikia karakana moja. Walijibu upesi na kwa adabu: niwaambie rangi ninayotaka, aina ya maandishi, na kama ningependa kuwekewa nukta za kung'aa gizani. Niliusoma ujumbe ule mara nyingi. Nina uso wa saa ya marehemu mbele yangu, na naulizwa napendelea rangi gani.

Hata hivyo niliufunga kwenye karatasi laini, nikaandika anwani.

Kifurushi kikakaa mezani siku tisa.

Kilichokizuia hakikuwa uaminifu, nakiri. Ilikuwa hofu ya kuharibu zaidi. Nilikuwa nimeshauumiza uso ule kwa kutojua umejengwaje, na sikutaka kuuumiza tena kwa kutojua utafanyiwa nini. Kwa hiyo nikaanza kusoma, na kuwauliza watu wa kazi hiyo maswali ambayo ningepaswa kuyauliza kabla ya kushika pamba.

Tabaka kwa tabaka

Saa nyingi za mkono za katikati ya karne ya 20 zina uso wa shaba ya manjano, bamba jembamba sana. Nyuma yake kuna vijiti viwili vya shaba, ambavyo mafundi huviita miguu; vinaingia kwenye matundu ya mashine na kubanwa kwa skrubu ndogo za pembeni. Upande wa mbele bamba husuguliwa mpaka lipate sura inayotakiwa, labda miale inayotoka katikati, labda ukavu kama wa unga uliosambazwa. Kisha huvikwa fedha au rangi, mara nyingi kwa umeme ndani ya dawa. Juu yake hupita vanishi. Na kwenye nyuso nyingi, maandishi ndiyo huja mwisho kabisa, juu ya vanishi.

Yaani wino uko nje, hauna cha kuukinga isipokuwa kioo cha saa. Unyevu ukiingia miaka na miaka, vanishi hulegea na wino hulegea nayo. Tone moja la maji linatosha.

Wino wenyewe hufika pale kwa njia iliyonivutia kiasi kwamba nilisahau huzuni yangu jioni nzima. Maandishi huchongwa kwanza kwenye bamba la chuma, yakawa vijishimo. Wino hujazwa humo, wa ziada ukakwanguliwa kwa kisu. Kisha pedi laini, zamani ya jelatini na siku hizi ya silikoni, hushuka juu ya mchongo, ikauchukua wino, ikaenda kuulaza juu ya uso wa saa kwa mguso mmoja. Ukiutazama mstari uliolazwa vizuri chini ya lenzi utaona una mwili: umeinuka kidogo na kingo zake ni kali. Kiwanda kilikuwa na mchongo wake. Fundi anayepaka upya hana mchongo huo. Ana wake, wenye herufi zinazofanana na zile, na kufanana ndiko anakoweza kukuuzia.

Lakini kabla hajaandika, lazima abandue. Namba za kupachikwa hung'olewa, na vipini vyake vidogo huvunjika kwa urahisi. Dawa au msasa hula wino, hula vanishi, hula fedha, mpaka shaba ibaki uchi. Kile kiduara cha sekunde kilichozama, chenye ukingo mkali kama wa sarafu mpya, hutoka kwenye msasa kikiwa na ukingo wa duara kama wa kisahani. Hapo hakuna rangi itakayourudisha. Metali imeondoka.

Hata nyuso zilizotengenezwa zisifutike zimefutwa hivyo. Kwa miongo mingi nyuso bora za Patek Philippe, kampuni ya saa ya Uswisi, ziliandikwa jina kwa kuchongwa: mchongo ukajazwa enameli nyeusi, ukachomwa motoni, ukasawazishwa. Jina kama hilo pamba yangu isingelifanya lolote. (Familia ya Stern, iliyoinunua kampuni hiyo mwaka 1932, ilikuwa familia ya watengenezaji wa nyuso za saa. Napenda sana kulikumbuka hilo.) Bado zipo saa za namna hiyo ambazo mtu alizisugua ili zing'ae, enameli ikaondoka pamoja na metali iliyoishika, kisha jina likapigwa upya kwa wino wa kawaida mahali palepale.

Kwenye mashine, gurudumu likivunjika unatafuta jingine la aina ile ile. Kioo hubadilishwa kila kikikwaruzika, na kilitengenezwa kibadilishwe. Uso sivyo. Kubandua ndiyo kazi ninayoijua katika saa ambayo fundi wa kesho, hata awe hodari namna gani, hawezi kuitengua.

Upande wa nyuma

Siku ya tisa nilikifungua kifurushi. Nilitaka kuupiga picha uso pande zote mbili kabla haujaondoka. Nikaugeuza.

Nyuma palikuwa na namba iliyokwaruzwa kwa sindano, kwa mkono, tarakimu nne na mstari wa mkato.

Nikautazama ukingo. Karibu na namba 3 kulikuwa na pengo dogo lililokatwa kwa tupa, la ukubwa wa ncha ya pini, mahali ambapo kasha la saa hulifunika lisionekane.

Anayezijua saa za zamani ameshaelewa. Mimi nilihitaji kukaa. Namba ya kukwaruza ni namba ya kazi: karakana inayopokea nyuso nyingi kwa siku huziwekea alama zisichanganyike. Pengo la ukingoni hukatwa ili fundi ajue uso ulale upande gani wakati wa kuandika.

Baada ya hapo kila kitu kikaanza kusema. Chini kabisa, chini ya namba 6, hapakuwa na neno SWISS. Mashine iliandikwa hivyo waziwazi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa zinazoingia nchini humo zioneshe zimetoka nchi gani, na tangu hapo neno hilo likawa la kawaida kwenye nyuso za saa za Uswisi, limejibana pembezoni kabisa. Wapakaji rangi huliacha mara nyingi, kwa sababu nusu yake iko chini ya ukingo wa kasha.

Kisha mishale. Mshale wa saa na wa dakika ina uwazi katikati, na uwazi umejazwa kitu cha kahawia kilichokauka: dawa ya kung'aa gizani. Lakini usoni hapana hata nukta moja ya dawa hiyo. Gizani ungeuona mshale bila kuona unaelekeza wapi. Nilikuwa nimeiona mishale ile tangu utoto, na sikuwahi kujiuliza.

Namba nazo. Nyeusi, kubwa, wino mnene uliojaa mpaka matundu ya namba 6 na 9 yamezibana. Vitabu na mafundi wote wanasema jambo moja kuhusu wino mnene: ni mkono wa mpakaji asiye makini. Nikalipokea hilo nalo.

Mwisho nikaelekeza mwanga kwenye tundu la katikati, anapopita mhimili wa mishale. Ndani ya tundu, mahali msasa haukufika, kulikuwa na pete nyembamba nyeusi, mabaki ya rangi ya kwanza.

Uso niliokuwa nauombolezea ulikuwa umeshabanduliwa zamani.

Nitasema lilivyonijia, maana hapa ndipo nilipojifunza jambo kuhusu nafsi yangu. Kwanza nilipumua. Kumbe sikufuta kitu cha asili. Herufi ile haikuwa ya kiwanda, ilikuwa ya mpakaji rangi, na kwa hesabu za wakusanyaji wa saa uso uliopakwa upya hauna hadhi ya kulindwa. Naweza kuutuma ukapakwe tena, na hakuna kitakachopotea.

Ahueni hiyo ilidumu kama nusu saa. Kisha nikafikiri juu ya shangazi. Uso huu ndio alioutazama kwenye mkono wa baba yake, na baadaye kwenye mkono wake mwenyewe, karibu maisha yake yote. Kwake yeye asili ni ipi? Nilikuwa nimeazima kipimo cha watu wanaonunua na kuuza, nikakitumia kujisamehe mbele ya mtu ambaye hajawahi kufikiria kuiuza saa ile.

Unga ulikwenda wapi

Kuna jambo jingine lililoninyima usingizi, nalo halihusu hisia.

Kwa namba ya mashine, saa ni ya miaka ya 1950. Dawa ya kung'aa ya wakati huo ilikuwa na radiamu. Ni elementi yenye mionzi ambayo Marie na Pierre Curie waliitangaza mwaka 1898, na haikupita miaka mingi ikawa inachanganywa na zinki salfaidi na kupakwa kwenye saa. Radiamu hupungua nusu yake kwa takriban miaka 1,600. Kinachochoka mapema ni ile zinki salfaidi inayotoa mwanga, na ndiyo maana mishale ya babu haing'ai tena. Radiamu yenyewe bado ipo karibu yote, inafanya kazi yake kimya.

Ikiwa imefungwa ndani ya kasha na kioo, hatari yake kwa mvaaji ni ndogo. Hatari ni ikikwanguliwa ikawa vumbi. Mwili ukiivuta au kuimeza huichukulia kama kalsiamu na kuipeleka kwenye mifupa, na humo hukaa. Dunia ilijifunza hilo kupitia wanawake waliokuwa wakipaka nyuso za saa katika kiwanda cha United States Radium Corporation huko Orange, New Jersey. Walifundishwa kuinyoosha ncha ya brashi kwa midomo yao. Mataya yao yalioza. Grace Fryer na wenzake wanne walifungua kesi mwaka 1927, ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 1928, na miongoni mwa wenzao wengi walikuwa wameshakufa.

Kwa hiyo kama uso wa babu uliwahi kuwa na nukta, kuna mtu alizikwangua. Aliinama juu ya meza kama mimi ninavyoinama, pengine akapuliza unga ili aone vizuri. Nimemfikiria fundi yule kuliko nilivyotarajia. Watu wanapojadili kupaka uso upya huzungumzia hasara ya saa, mara chache sana huzungumzia kifua cha anayekwangua.

Miaka ya 1960 radiamu iliachwa na tritiamu ikachukua nafasi. Hiyo hupungua nusu kwa miaka 12 hivi, na saa zenye tritiamu kwa kawaida zina herufi T chini ya uso, kando ya neno SWISS. Miaka ya 1990 zikaja dawa zisizo na mionzi, kama Super-LumiNova. Mpangilio huo wa miaka ni msaada mkubwa kwa mnunuzi: saa inayosemwa ni ya 1955 na haijaguswa, ukiimulika kwa tochi ya urujuanimno kisha ukaizima, nukta zikabaki zinawaka kijani kwa muda mrefu, basi imeguswa.

Niliifuta meza kwa kitambaa chenye unyevu, nikakitupa. Mishale niliiweka kwenye kifuko chake. Sikuikwangua.

Kuweka uso mwingine

Rafiki mmoja, fundi saa mwenye subira, alinipa njia ya tatu. Tafuta uso mwingine wa saa ya aina hiyo, mweusi, uupachike, huu uutunze. Kinachotenguka, alisema, si uharibifu.

Nilivutwa, na kwa sehemu bado nakubaliana naye. Kati ya kupaka na kubadilisha, kubadilisha ni afadhali, kwa sharti kwamba uso wa zamani usitengane na saa. Niliupata mmoja kwa muuzaji wa vipuri. Kipenyo sawa, jina sawa. Nikauliza miguu iko wapi. Akatuma picha: miguu ilikuwa imekatwa, na uso ungebandikwa kwa gundi. Huo ni uso wa mashine nyingine uliolazimishwa. Hata pale miguu inapokubali, unene ukizidi kidogo tu mshale wa saa unaanza kuusugua uso, na tundu la sekunde likihama kwa unywele mhimili unakwaruza ukingo wake.

Lakini kasoro za vipimo hazikunitisha sana. Kilichonitisha ni kuona uongo unavyoanza bila mtu kuusema. Viwanda vikubwa vyenyewe, mteja alipoleta saa kuukuu kwa matengenezo, viliiwekea uso mpya na mishale mipya kama hisani, na vile vya zamani havikurudishwa isipokuwa mteja amedai. Mteja alishukuru. Nyuso nyeusi zilizogeuka kahawia kwa jua zilitolewa kwa sababu zilihesabiwa mbovu. Leo zinaitwa tropiki na watu wanazitafuta usiku na mchana. Aliyeivaa saa alijua imebadilishwa. Mwanawe akajua nusu. Mjukuu anaiuza kwa moyo safi akisema haijaguswa.

Na pesa zikishaingia, moyo safi huwa adimu. Oktoba 2017, saa ya Rolex Daytona aliyokuwa akiivaa mwigizaji Paul Newman iliuzwa na nyumba ya mnada ya Phillips jijini New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Hiyo ilibebwa na jina la mwenyewe. Lakini Daytona nyingine za namna yake, ambazo hakuwahi kuzishika, nazo huuzwa ghali mno kuliko ndugu zao wenye mashine ile ile na kasha lile lile. Tofauti iko kwenye uso: mitindo ya tarakimu na vijisanduku vidogo kwenye viduara. Bamba moja la shaba linapobeba thamani yote ya saa, kuna atakayelitengeneza usiku.

Nilimshukuru rafiki yangu. Uso mweusi sikuununua.

Nilivyomwambia

Nilikwenda kwa shangazi na saa ikiwa vipande, kila kitu kwenye kifuko chake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Imekushinda?"

"Inatembea vizuri. Lakini nimefuta herufi usoni. Hukuniambia niuguse uso, nikaugusa."

Nikamwonesha, nikampa na lenzi. Alihangaika nayo kidogo, kisha akaiweka chini akautazama uso kwa jicho tupu, kwa mbali, mkono umenyooka. Nikaendelea kusema kabla sijakosa ujasiri: kifurushi, anwani, siku tisa, nilivyokusudia kumrudishia saa bila kumwambia. Kisha nikamwambia nilichokiona nyuma, kwamba uso huu si wa kiwandani, kwamba kuna mtu aliubandua na kuupaka vibaya, kwa wino mnene.

Hapo ndipo alipoinua kichwa.

"Vibaya?"

"Namba zimevimba, Shangazi. Fundi makini haandiki hivi."

"Aliambiwa aandike hivyo."

Saa ilikuwa nyeusi, akasema. Herufi zake zilikuwa za dhahabu, nyembamba sana. Babu alikuwa akiivua usiku na kuiweka kwenye kiti kando ya kitanda, na yeye, mtoto mdogo aliyeogopa giza, alikuwa akiitazama mpaka alale, kwa sababu ilikuwa na vimulimuli vya kijani. Ndivyo alivyovijua: vimulimuli. Alijifunza kuhesabu kwa hivyo. Kisha macho ya babu yakaanza kuondoka. Kwanza akawa anaiinua saa juani, halafu anawauliza watoto ni saa ngapi, na jambo hilo la kuuliza watoto lilimuumiza. Siku moja akarudi nayo ikiwa nyeupe, namba kubwa nyeusi, na akaketi uani akiisoma kwa sauti kila baada ya muda mfupi.

"Nililia," alisema shangazi. "Vimulimuli vyangu havikuwapo. Lakini yeye alikuwa anasoma saa."

Sikuwa na la kusema. Maandishi yale ya dhahabu nimeyasoma sana wiki hizi. Kwenye nyuso za namna hiyo hayapakwi juu: uso huandikwa kwa kitu cha kuzuia, huchovywa kwenye dawa yenye umeme ukawa mweusi, kizuizi kikaoshwa, na herufi zinazobaki ni shaba yenyewe inayochungulia kutoka chini ya weusi. Ni kazi nzuri kuliko zote ninazozijua kwenye saa. Babu alikuwa nayo mkononi, akaitoa ikwanguliwe kwa sababu haikumwonesha saa tena. Nimejaribu kutafuta namna ya kumlaumu, na nimeshindwa. Nimejaribu pia kujiaminisha kwamba hakuna kilichopotea, na hilo nalo nimelishindwa. Pete ile nyeusi ya ndani ya tundu bado naiona nikifumba macho.

Bahasha

Nikamuuliza anataka nifanye nini na uso.

"Herufi hiyo ni ya jina la kiwanda," alisema. "Namba zipo zote. Irudishe."

Niliifunga palepale mezani kwake. Miguu ikaingia kwenye matundu yake, nikakaza skrubu mbili za pembeni, nikaweka mshale wa saa, wa dakika, na ule mdogo wa sekunde. Nikaitia ufunguo. Akaitazama tena kwa mkono ulionyooka, nami nikaelewa kwa nini: macho yake yamefika pale yalipokuwa ya baba yake.

"Ile pamba uliitupa?"

Sikuitupa. Ilikuwa ndani ya kifuko kidogo, herufi bado iko kwenye ncha. Akaipokea na kuiweka kwenye bahasha, akaniambia nichukue kalamu. Nikaandika tarehe, nikaandika kwamba herufi ya tatu na vistari vitatu nimevifuta mimi, nikaandika namba ile iliyokwaruzwa nyuma, na kwamba mishale ina radiamu na mtu asiikwangue. Nikadhani tumemaliza.

"Andika ilikuwa nyeusi," alisema. "Andika baba aliibadilisha kwa sababu ya macho. Na andika vimulimuli vilikuwa vingapi."

"Vingapi, Shangazi?"

"Kumi na viwili. Lakini usidhani kila saa ilikuwa na chake. Huku chini, penye kisekunde, hapakuwa na kitu. Juu, kwenye saa sita, vilikuwa viwili."